Baruti Chini ya Ulimi

Mwaka 1768, mbele ya madaktari wenzake jijini London, William Heberden alieleza ugonjwa alioupa jina la anjina. Mtu anatembea, hasa akipanda mlima au akiwa ametoka kula, mara kifua kinabana kana kwamba roho inataka kutoka. Akisimama, maumivu yanaondoka. Maelezo hayo daktari wa leo angeyatambua mara moja. Tiba ndiyo iliyokosekana: zaidi ya utulivu, pombe kali na afyuni, Heberden hakuwa na la kumpa mgonjwa.

Ilipita karibu karne nzima. Mwaka 1867 huko Edinburgh, Thomas Lauder Brunton, daktari wa miaka 23, aliona kwamba wagonjwa waliotolewa damu walipata nafuu. Akafikiri kwamba kinachosaidia ni kushuka kwa shinikizo la damu. Akawanusisha amili nitriti kwenye kitambaa. Uso ukawaiva, maumivu yakatulia, ila kwa muda mfupi tu.

Mwaka 1879 William Murrell alileta nitrogliserini, baada ya kuionja mwenyewe. Kitu hicho kilikuwa kimetengenezwa Turin mwaka 1847 na Ascanio Sobrero, na ndicho Alfred Nobel alichokitumia kutengeneza dainamiti. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Mwaka 1896 Nobel mwenyewe, akiwa na ugonjwa wa moyo, aliandikiwa na madaktari nitrogliserini. Waliiita Trinitrin ili watu wasiogope.

Kwa miaka mingi iliyofuata, watafiti walishikilia swali moja: tutaufikishiaje moyo damu zaidi? James Black, mwanasayansi wa Scotland, aliligeuza. Nyumba isiyopata maji ya kutosha ina njia mbili: kupanua bomba au kupunguza matumizi. Black alichagua kupunguza matumizi. Raymond Ahlquist alikuwa ameonyesha mwaka 1948 kwamba adrenalini hufanya kazi kupitia vipokezi vya aina mbili, alfa na beta. Black akatafuta dawa ya kuziba vile vya beta, ili moyo upige polepole na uhitaji oksijeni kidogo. Dawa ya kwanza iliachwa kwa sababu ilisababisha uvimbe wa saratani kwa panya. Iliyofuata, propranololi, ilitangazwa mwaka 1964, na mwaka 1988 Black akapata Tuzo ya Nobel.

Miaka hiyohiyo ya 1960, Albrecht Fleckenstein wa Freiburg, Ujerumani, alionyesha kwamba verapamili huzuia kalsiamu kuingia kwenye chembe za misuli. Hapo likazaliwa kundi la tatu, linalolegeza mishipa; baadhi yake, kama verapamili, hupunguza pia mapigo ya moyo.

Baadaye ilieleweka kwamba hata nitrogliserini husaidia zaidi kwa kulegeza mishipa inayorudisha damu moyoni. Damu inayorudi ikipungua, moyo unapata mzigo mdogo. Kumbe baruti nayo ilikuwa ikipunguza matumizi miaka yote hiyo.

Vidonge hivi vikiwa mkononi vinaweza kufanana, lakini kila kimoja kina kazi na hatari yake. Nitrogliserini ya chini ya ulimi huzima maumivu yaliyokwisha kuanza. Ikikutana na dawa za nguvu za kiume kama sildenafili, shinikizo la damu linaweza kuporomoka vibaya. Nitrati za kumezwa kila siku huhitaji saa za mapumziko, la sivyo mwili huzizoea. Wafanyakazi wa viwanda vya dainamiti waliliona hilo zamani: kichwa kiliwauma Jumatatu, kikatulia katikati ya wiki, kikauma tena baada ya mapumziko. Vizuizi vya beta hukinga, lakini vinaweza kumbana pumzi mwenye pumu. Verapamili ikichanganywa navyo inaweza kupunguza mapigo kupita kiasi.

Hatari nyingine huja kimya, pale mgonjwa anapoona kifua kimetulia akaacha vizuizi vya beta ghafla. Maumivu yanaweza kurudi kwa nguvu zaidi, hata kuleta shambulio la moyo. Kifua kilitulia kwa sababu dawa ilikuwa kazini.