Chemirocha: Mwimbaji wa Marekani aliyegeuzwa wimbo na Wakipsigis

CHEMIROCHA ni wimbo wa jamii ya Wakipsigis uliorekodiwa mwaka 1950 huko Kapkatet, katika eneo la majani chai ambalo leo limegawika baina ya kaunti za Kericho na Bomet.

Jina hilo ni matamshi ya Kikipsigis ya Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani. Jimmie likawa Chemi, Rodgers likawa rocha, na jina lenyewe likasikika kama la nyumbani, kwani majina mengi ya Wakalenjin huanza na Che.

Rodgers alizaliwa mwaka 1897 na kufanya kazi ya reli kabla ya kurekodi santuri yake ya kwanza mwaka 1927. Alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1933 akiwa na umri wa miaka 35. Hakuwahi kufika Kenya.

Kilichofika ni sauti yake. Katika kipindi cha kati ya vita viwili vikuu vya dunia, santuri zilieneza muziki wa burudani mbali na kumbi ulikozaliwa. Mjini Paris, nyimbo za michezo ya kuchekesha kama Phi-Phi ya mwaka 1918 na Dédé ya mwaka 1921, zote za Henri Christiné, zilivuka kuta za ukumbi wa Bouffes-Parisiens kwa njia hiyo hiyo.

Kericho nako, mashamba makubwa ya chai yalianza kustawi miaka ya 1920, na gramafoni za kuzungushwa kwa mkono zikaingia pamoja na wageni. Masimulizi yanataja wamishonari Waingereza kuwa ndio waliowasikilizisha wenyeji sauti ya Rodgers.

Wakipsigis hawakuiga nyimbo zake. Walichukua jina tu, wakalitungia nyimbo zao wenyewe na kuzipigia kinubi chao, chepkong.

Mwanamuziki mtafiti Hugh Tracey, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1903, alirekodi zaidi ya toleo moja. Linalojulikana zaidi ni la Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake. Tracey alieleza kwamba wasichana hao walimwona Chemirocha kama kiumbe nusu mtu nusu swara, wakimhimiza acheze kwa kurukaruka hata nguo zimvuke. Hayo ni maelezo ya mgeni, na yafaa kupimwa hivyo.

Tracey alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, ILAM, mwaka 1954. Hazina hiyo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, katika mji unaoitwa Makhanda tangu mwaka 2018.

Kwa hiyo wimbo ulisikika ughaibuni miaka mingi kabla ya wenyewe kuupata. Ni mwaka 2014 ambapo ILAM, ikishirikiana na shirika la Ketebul Music la Nairobi, ilirejesha nakala za rekodi hizo kwa Wakipsigis. Miaka 64 ilikuwa imepita.

Katiba ya mwaka 2010 inazipa kaunti majukumu ya shughuli za utamaduni, nayo sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi inazitaka kusajili na kuhifadhi hazina za aina hii. Nakala zikikosa pa kutunzwa huku nyumbani, mjukuu wa waimbaji wale atalazimika tena kuutafuta wimbo wa nyanyake ugenini.