Tezo, Keekee na Timazi

Katika kitabu cha jubilei ni desturi kuwataja watu waliotutangulia. Yafaa pia kuvikumbuka vyombo walivyovishika, maana majumba na majahazi hayakusimama kwa maneno. Kati ya vyombo vya mafundi tumechagua vitatu, tezo, keekee na timazi, ambavyo pwani yetu imevitumia tangu zamani na hata leo havijakosa kazi.

Cha kwanza ni tezo. Chuma chake hukaa mkingamo wa mpini kama jembe, na fundi huchonga akilivutia kwake. Kwa tezo moja hukwangua gogo, huchimba tumbo la mtumbwi, na husawazisha ubao. Waunda majahazi wa Matondoni, katika kisiwa cha Lamu, huchonga mataruma kwa chombo hiki, wakifuata mpindo wa mti kama ulivyoota wenyewe. Mpini ukivunjika, huchongwa mwingine. Makali yakifa, jiwe la kunolea huyarudisha. Ndiyo sababu tezo njema hurithiwa.

Cha pili ni keekee, chombo cha kutobolea. Ina viungo vinne: chuma chenye makali, msukano, yaani kijiti kilichotiwa chuma hicho, jivu, linaloshikwa kwa mkono wa kushoto, na uta, ambao uzi wake huzungushwa katika msukano. Mkono wa kuume huvuta uta huku na huku, na chuma huzunguka. Ubao mgumu ukipigwa msumari pasipo tundu hupasuka. Basi keekee hutangulia, na nyundo hufuata. Siku hizi keekee za umeme zimeenea, nazo hutoboa upesi zaidi; lakini ile ya uta haingoji umeme, na uzi ukikatika hufungwa mwingine papo hapo.

Kazi ya kutoboa ilikuwa kubwa zaidi zamani za mitepe, vyombo vya bahari visivyotiwa msumari hata mmoja. Mbao zake zilitobolewa kandokando, kisha zikashonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Mfanya biashara mmoja aliyeandika kwa Kiyunani katika karne ya kwanza alitaja vyombo vya kushonwa katika pwani hii, kwenye mji wa Rhapta. Katika karne ya 20 mitepe ilitoweka. Hata hivyo, mwaka 2003 uliundwa mtepe mpya huko Unguja, kwa ajili ya makumbusho ya Beit el-Ajaib. Mtepe ulikuwa umepotea, bali kuchonga, kutoboa na kusokota kamba hakukupotea mikononi mwa watu. Hapo twaona sababu kuu ya kuvitunza vyombo: kilichoundwa huoza, lakini mkono uliofundishwa waweza kukiunda tena.

Cha tatu ni timazi, nayo ni uzi na kitu kizito mwishoni, basi. Hakuna chombo rahisi kuliko hiki, wala hakuna kisichopendelea watu kama hiki. Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, lilianza kujengwa siku ya Noeli mwaka 1873, mahali palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka ule ule. Askofu Edward Steere aliisimamia kazi ile, na ibada ya kwanza ilifanyika siku ya Noeli. Paa lake ni tao la mawe ya matumbawe na saruji, pasipo boriti. Na tao la namna hiyo huzisukuma kuta kwa nje, hata ukuta ulioinama kidogo ungekuwa hatari. Huhadithiwa ya kwamba Askofu alipokuwa safarini mafundi walisimamisha nguzo kadhaa juu chini. Nguzo hizo zipo hata leo, nazo zimesimama wima. Timazi haikuweza kuwaambia upi ni mguu na upi ni kichwa, lakini kazi yake yenyewe iliitimiza.

Enyi walimu na wazazi, chombo hustahili mahali pake kwa mambo matatu: hufanya kazi nyingi, hutengenezeka karibu, na hufundisha mkono. Kikifungiwa sandukuni hula kutu, na ufundi hufa pamoja nacho. Basi mtoto na afundishwe kunoa kwanza, kisha kukata. Naye mzee fundi aulizwe habari za tezo yake angali hai.