Kikamba Kisomwe Nyumbani

Wasee, Kikamba kilichapwa kitabuni kitambo. Mwaka 1850, Injili ya Marko aliyoitafsiri Krapf ilitoka Ujerumani ikiwa kwa Kikamba. Zaidi ya miaka 170! Lakini ni wangapi kati yetu wanaweza kusoma ukurasa mmoja wa Kikamba bila kukwama?

Si kwamba hatuna akili. Tume ya Ominde, 1964, ilipendekeza Kiingereza tangu darasa la kwanza. Ripoti ya Gachathi, 1976, ikasema madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya eneo. Poa. Ila mahali makabila yamechanganyika, lugha hiyo huwa Kiswahili. Na Emali yetu iko barabara ya Mombasa, Mkamba na Mmaasai wako soko moja.

Kwa hivyo Kikamba kimebaki kazi ya nyumbani. Mpwa wangu namwanzishia maneno anayoyasikia kwa susu yake kila siku. Naandika "mbui", anacheka, ni mbuzi. Nabadilisha herufi moja tu, "mbua", mvua imenyesha. Anasoma na kuelewa papo hapo.

Kiingereza atakipata shuleni. Kikamba asipokipata nyumbani, atakipata wapi?

Wewe je, ulifunzwa kusoma na nani, kwa lugha gani?