Kutoka Pepo za Pwani hadi Gridi: Istilahi za Ramani Shuleni

Istilahi nne za pande za dunia hazikutoka chimbuko moja. Mashariki na magharibi yana asili ya Kiarabu, nayo yafuata kuchomoza na kuchwa kwa jua. Kaskazini na kusini yanahusiana na pepo za mabaharia wa pwani: upepo wa kaskazi uvumao kutoka kaskazini-mashariki kuanzia mnamo Desemba hadi Machi, na upepo wa kusi uvumao katikati ya mwaka.

Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi Tanzania, na mwaka huo huo Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria. Hivyo maneno ya mabaharia yakafundishwa hata Izigo, wilayani Muleba, ambako majahazi ya kaskazi hayafiki. Mtoto wa huko hana budi kuanza na lile analoliona: jua huchomoza upande wa Ziwa Viktoria, na huko ndiko mashariki.

Lakini tahadhari yahitajika. Vitabu vya Ulaya hufundisha kwamba kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini. Izigo iko chini ya nyuzi mbili kusini mwa Ikweta; mwezi Juni kivuli hicho huelekea kusini, na Desemba huelekea kaskazini. Mfasiri asiyelijua hilo humpotosha mwanafunzi.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika gridi. Kanuni ni kusoma kwanza tarakimu zihesabiwazo kwenda mashariki, kisha zile za kwenda kaskazini. Ila mistari ihesabiwayo kwenda mashariki huchorwa kutoka kusini hadi kaskazini! Tukiiita “mistari ya mashariki”, mtoto ataitafuta ile iliyolala. Katika ramani ya vipimo vya 1:50,000, ambayo kila mraba wake ni kilomita moja, mahali penye 2134 pakisomwa 3421, msomaji hukosea kilomita 13 kwenda mashariki na 13 kwenda kusini. Kwa shule iliyo karibu na ufuko, huenda akaelekezwa ziwani.

Kwa hiyo yafaa mistari iitwe “wima” na “mlalo”, na tarakimu ziitwe “umbali wa mashariki” na “umbali wa kaskazini”. Istilahi haitoshi kulingana na neno la kigeni. Sharti imfikishe mtumiaji mahali anapokwenda.