Kaburi Lililopatikana Hong Kong

Septemba 1967 BBC ilirusha The Tomb of the Cybermen, hadithi ya sehemu nne ya Doctor Who. Baadhi ya watazamaji walilalamika kwamba ina ukatili mno kwa watoto. Baadaye kanda zake hazikuhifadhiwa, hadithi ikapotea. Basi ikageuka ngano: walioiona utotoni waliisifu, wadogo zao wakaamini tu. Nani angebisha?

Mwishoni mwa 1991 sehemu zote nne zikapatikana Hong Kong, na mwaka uliofuata zikauzwa kwa kanda za video. Wapo walioshangilia, wapo walioona waya zinazomnyanyua mwigizaji, wakanyong'onyea.

Mimi waya hazinisumbui. Ananisumbua Toberman, mtumishi mweusi, pande la mtu lisilosema ila maneno mawili matatu, aliyechezwa na Roy Stewart, mzaliwa wa Jamaika. Ndiye anayempasua Cyberman kifua hadi mapovu yanamwagika. Ndiye anayefunga milango ya kaburi yenye umeme, akafa, wenzake wakaondoka salama. Wazazi wa 1967 waliogopa mapovu. Ningependa kujua mtoto wa Kijamaika wa London, aliyekaa mbele ya runinga Jumamosi ile, aliogopa nini.