Jukwaa na Hazina: Muundo wa Umiliki katika Ligi Kuu ya Misri

Ligi Kuu ya Misri ilianza msimu wa 1948–49 ikiwa na timu 11, na bingwa wake wa kwanza akawa Al Ahly ya Kairo. Hadi kufikia msimu wa 2024–25, Al Ahly ilikuwa imetwaa ubingwa mara 45 na mtani wake wa jadi, Zamalek, mara 14. Klabu nyingine tano zimegawana mataji saba tu: Ismaily matatu, na Tersana, Olympic, Ghazl El Mahalla na Al Mokawloon Al Arab moja moja. Kwa kawaida hesabu hii huelezwa kwa ukubwa wa Al Ahly. Maelezo hayo hayana kosa, ila hayajibu kwa nini hakuna wa tatu aliyedumu katika nchi yenye mapenzi makubwa hivyo ya soka. Jibu linapatikana zaidi katika umiliki wa klabu: nje ya wale wawili, wenye mashabiki hawana fedha, na wenye fedha hawana mashabiki.

Klabu kongwe za Misri ni vyama vya wanachama. Al Ahly ilianzishwa 1907 na inakumbukwa kama klabu ya vuguvugu la uzalendo la wanafunzi wa Kimisri, ingawa rais wake wa kwanza, Mitchell Ince, alikuwa Mwingereza. Zamalek ilianzishwa 1911 na Mbelgiji George Merzbach. Iliitwa Qasr El Nil, kisha Mukhtalat, ikapewa jina la Mfalme Farouk, na jina la sasa likaja baada ya mapinduzi ya 1952. Rais wa klabu ya namna hii huchaguliwa na mkutano mkuu. Wapigakura wake, hata hivyo, si umati wa majukwaani. Ni wanachama waliolipa kiingilio, wengi wao familia za tabaka la kati zinazotaka bwawa la kuogelea, viwanja vya tenisi na mahali pa kukaa jioni. Shabiki wa mtaani huipenda klabu maisha yake yote bila kuwa na kura. Kwa Al Ahly na Zamalek ada hizo, pamoja na udhamini na haki za televisheni, zinatosha kuendesha kikosi cha kushindania Afrika. Kwa klabu za mikoani zenye muundo uleule hazitoshi.

Ismaily ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Ilitwaa ubingwa wa 1966–67, kisha vita vya Juni 1967 vikaufanya Mfereji wa Suez kuwa mstari wa mbele. Mji wa Ismailia ukahamwa na ligi ikasimama kwa misimu kadhaa. Timu, ikiwa haina mji, iliendelea na mashindano ya bara na kuifunga TP Englebert ya Kongo, bingwa mtetezi, katika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika la 1969. Ikawa klabu ya kwanza ya Misri kulibeba, kabla ya wakubwa wote wa Kairo. Hadhi hiyo haijafifia mjini Ismailia. Kilichokosekana ni fedha za kuilinda. Vizazi vya wachezaji bora wa klabu vimeuzwa, mara nyingi kwa walewale wanaopaswa kushindana nao. Al Masry ya Port Said na Al Ittihad ya Alexandria zina historia inayofanana na hiyo, bila hata taji moja la ligi.

Upande wa pili zipo timu za taasisi. Mizizi yake ni ya zamani: Ghazl El Mahalla, bingwa wa 1972–73, ni timu ya kiwanda cha nguo cha Mahalla al-Kubra, na Al Mokawloon, bingwa wa 1982–83, ni ya kampuni kubwa ya ujenzi. Ndiko Mohamed Salah alikoanzia soka ya ligi kuu. Mahalla angalau ulikuwa mji wa kiwanda, hivyo mfanyakazi na shabiki walikuwa mtu mmoja. Timu zilizofuata hazina msingi huo. ENPPI na Petrojet ni za sekta ya mafuta, Tala'ea El Gaish ni ya jeshi, Haras El Hodoud ya walinzi wa mpaka. Zinalipa mishahara kwa wakati, na ndiyo sababu mchezaji wa kigeni hazikwepi. Mtanzania Himid Mao alizichezea kadhaa kati ya hizo. Ila zinapocheza zenyewe kwa zenyewe, uwanja huwa na makocha, polisi na wapiga picha.

Tofauti hii iligeuka kuwa faida ya timu za taasisi baada ya msiba. Tarehe 1 Februari 2012 watu 74 walikufa katika ghasia uwanjani Port Said baada ya mechi ya Al Masry na Al Ahly. Vikundi vya mashabiki vilivyoundwa 2007, Ultras Ahlawy na White Knights wa Zamalek, vilikuwa vimeshiriki maandamano ya mapinduzi ya 2011, na wengi wao waliamini kwamba polisi walilipiza kisasi kwa kutofanya kitu. Msimu ulifutwa, na uliofuata haukumalizika. Mashabiki waliporuhusiwa kwa kiasi mwaka 2015, wafuasi 20 wa Zamalek walikufa katika msongamano nje ya uwanja wa Jeshi la Ulinzi wa Anga, na majukwaa yakafungwa tena. Mjadala ulihusu usalama, na ilistahili hivyo. Athari ya kimashindano haikuzungumzwa sana: timu ya taasisi haikupoteza chochote kwa uwanja mtupu, wakati Ismaily na Al Ittihad zilipoteza mapato ya mlangoni na ile kelele iliyokuwa silaha yao pekee dhidi ya wakubwa. Al Masry ilipoteza zaidi, maana kwa miaka kadhaa ilicheza nje ya mji wake.

Aina ya tatu ya umiliki ilifika 2018, Turki Al-Sheikh wa Saudi Arabia aliponunua Al Assiouty Sport ya Misri ya kusini, akaihamishia Kairo na kuiita Pyramids. Baadaye ilipita kwa mwekezaji wa Falme za Kiarabu. Kwa miaka saba ilipanda hadi kutwaa Ligi ya Mabingwa Afrika 2025 kwa kuishinda Mamelodi Sundowns, bila ya kuwa na mtaa unaoiita yake. Fedha, kwa hiyo, zinaweza kuzaa mshindani.

Kama zinaweza kuzaa bingwa wa Misri ni suala jingine, na msimu wa 2024–25 uliliweka wazi. Machi 2025 Al Ahly haikufika uwanjani kucheza na Zamalek, ikidai waamuzi wa kigeni. Adhabu ya kwanza ilijumuisha kukatwa pointi tatu za ziada. Ikapunguzwa, ikabaki kupoteza mechi tu. Al Ahly ikawa bingwa kwa tofauti ya pointi mbili mbele ya Pyramids. Msimu huohuo kushuka daraja kulifutwa, na Ismaily, iliyomaliza miongoni mwa timu za mkiani, ikabaki katika ligi ya msimu uliofuata, iliyokuwa na timu 21.