Ardhi, Paa na Nuru ya Jua katika Nyanza ya Kusini

Ukisafiri leo katika kaunti za Homa Bay na Migori, kutoka Kendu Bay mpaka Mbita, au kutoka Oyugis kwa njia ya Rongo na Awendo mpaka Isebania, utaona juu ya mapaa mengi ya mabati vibamba vyeusi vilivyotazamishwa juani. Mtu apitaye kwa haraka atasema kuwa hiyo ni habari ya mafundi tu: bamba hupokea nuru ya jua, betri huiweka akiba, na usiku taa huwaka. Lakini mwanafunzi wa historia hana budi kuuliza zaidi. Paa hili ni la nani? Nani alitoa ruhusa ya kuweka kitu juu yake? Na mwenye nyumba akifa, au akishindwa kulipa, nuru ile itakuwa ya nani? Maswali haya yana mizizi mirefu kuliko sola yenyewe, na katika insha hii nakualika, msomaji, tuifuate mizizi hiyo pamoja.

Tuanze na desturi. Miongoni mwa Waluo, ambao ni wengi katika kaunti hizi mbili, paa lilikuwa na usemi wake tangu zamani. Juu ya kilele cha nyumba ya msonge ya mwenye boma ulisimama ujiti mrefu uitwao osuri. Ujiti huo uliwaambia wapitao kuwa mwenye mji yu hai. Alipofariki dunia uliondolewa, na watu wote wakajua. Wala mtu hakujijengea mahali popote apendapo. Mwana aliyekua alijenga kwanza kibanda chake, simba, karibu na lango la baba yake. Ulipofika wakati wa kuanzisha boma lake mwenyewe alitolewa na mzee wake kwa taratibu maalumu, akifuatana na jogoo, shoka na moto, na mdogo hakumtangulia mkubwa wake. Basi usidhani kuwa vibali vya ujenzi vililetwa na Wazungu. Vilikuwapo, ila havikuandikwa katika karatasi. Vilikaa katika vinywa vya wazee na katika kumbukumbu za majirani.

Karatasi zilikuja baadaye. Mwaka 1954 R. J. M. Swynnerton, afisa wa kilimo katika Serikali ya kikoloni, alitunga mpango wa kukuza kilimo cha Waafrika. Shauri lake lilikuwa hili: vipande vya shamba vilivyotawanyika vikusanywe, vipimwe, na kila mwenye shamba apewe hati. Akiwa na hati, atakopesheka, na akikopesheka, ataendelea. Kazi hiyo ilikwenda upesi katika nchi ya Wakikuyu, wakati wa Hali ya Hatari, lakini upande wa Nyanza ilikwenda polepole, kwa kuwa wengi waliishuku. Sheria ya kuandikisha ardhi ya mwaka 1963 ilimpa yule aliyeandikwa katika daftari umiliki kamili, na sheria ya mwaka 1968 ikaweka utaratibu wa kupima na kuamua mashamba ya ukoo ni ya nani.

Je, hati zilileta yale yaliyotarajiwa? Parker Shipton, mtaalamu wa Kimarekani aliyekaa na kuchunguza katika sehemu hizi hizi, alieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 2009 kuwa daftari la Serikali lilikwenda njia yake na maisha ya watu yakaenda yao. Mzee alikufa, wanawe wakagawana shamba kwa desturi, na hati ikabaki kwa jina la marehemu. Kila badiliko lilihitaji ada, safari na mashahidi, na sheria ya urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, iliwataka warithi wapite mahakamani. Watu wengi waliona ni afadhali kuacha jina la babu mahali lilipo. Hivyo ikawa kawaida kuwa mtu hulima shamba, hujenga juu yake na kuwazika wazee wake ndani yake, na huku katika daftari hana jina.

Sasa tutazame umeme. Mwaka 1922 kampuni ya umeme ya Mombasa na ile ya Nairobi ziliungana zikawa East African Power and Lighting Company. Kazi yake kwa miaka mingi ilikuwa mijini na mahali penye wateja wakubwa. Nyanza ya Kusini yenyewe haikukosa nguvu za umeme. Katika miaka ya 1950 palijengwa mtambo mdogo katika maporomoko ya Gogo, kwenye mto Kuja, wenye uwezo wa megawati 2. Lakini nguvu zake zilikwenda Macalder, katika machimbo ya shaba na dhahabu. Mgodi ule ulifungwa katika miaka ya 1960, na mtambo ukaingizwa katika mfumo wa umeme wa taifa. Zingatia jambo hili, msomaji: mto ulikuwa wa wenyeji, maji yalikuwa yao, walakini watoto waliokaa kando yake waliendelea kusoma kwa koroboi, moshi ukiwaingia puani. Kuwa na mto si sawa na kuwa na haki ya nuru itokayo mtoni.

Serikali huru ilianza mpango wa umeme vijijini mwaka 1973. Hata hivyo nguzo zilifuata barabara kuu, masoko, shule na viwanda. Aliyekaa mbali alitakiwa alipe gharama kubwa. Katika miaka iliyotangulia 2015 ada ya kuunganishwa ilikuwa shilingi 35,000. Mwaka 2015 ulianzishwa mpango wa kuifikia mwisho wa njia, ada ikashushwa hata shilingi 15,000 kwa wale waliokaa katika mita 600 kutoka kwenye transfoma. Ulikuwa mpango mwema. Lakini waya hauruki hewani kama ndege. Hupita juu ya shamba la fulani na kandokando ya boma la fulani, na mwenye ardhi hana budi kuridhia kabla ya nguzo kusimamishwa. Hapo ndipo ugomvi wa zamani wa mipaka huamka. Ndugu wawili wasiosemezana huweza kumweka gizani jirani wa tatu.

Sola ilifuata njia nyingine. Habari yake katika Kenya huanzia shuleni. Mwaka 1984 Mark Hankins, kijana Mmarekani aliyekuwa mwalimu wa kujitolea, alishirikiana na Harold Burris, mhandisi, kuweka taa za sola katika shule ya sekondari ya harambee ya Karamugi, Meru. Mafundi wa mahali wakafundishwa, walimu na wakulima wakaona, nao wakataka majumbani mwao. Katika miaka ya 1990 vibamba vidogo vya wati kumi na kitu viliuzwa madukani kama viuzwavyo vitu vingine, na mtu aliyekuwa akipeleka betri ya gari mjini ili ijazwe umeme akapumzika na safari hiyo. Hapana aliyeomba kibali, wala hapana aliyeulizwa hati ya shamba.

Kisha ikaja simu. Mwaka 2007 ulianza utumaji wa pesa wa M-Pesa, na mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA ikaanza kuuza sola kwa malipo ya kila siku. Mteja alitoa kitangulizi, kisha akalipa kiasi cha shilingi 40 au 50 kwa siku, muda wa mwaka mmoja. Chukua kalamu upige hesabu. Shilingi 40 kwa siku 365 ni shilingi 14,600; shilingi 50 ni shilingi 18,250. Kwa hiyo, ukiongeza kitangulizi, bei yake haikuwa chini ya ile ada ya shilingi 15,000 ya kuunganishwa na nguzo. Mbona basi watu walikimbilia sola? Sababu ya kwanza ni ile ya haba na haba hujaza kibaba. Ya pili, ambayo aghalabu husahauliwa, ni kwamba sola haikumhitaji jirani. Haikupita juu ya shamba la mtu. Ilitaka kitambulisho na simu, basi. Mjane akaaye katika boma la marehemu mumewe, ambalo hati yake ingali kwa jina la baba mkwe, hawezi kuweka rehani ardhi hiyo. Lakini aliweza kununua taa. Kijana katika simba yake aliweza kadhalika. Jambo ambalo mpango wa 1954 uliliahidi kwa njia ya hati, yaani mtu mdogo kukopesheka, lilipatikana kwa wengi pasipo hati yoyote.

Usikimbilie kushangilia, hata hivyo, kwa maana kila umiliki una masharti yake. Chombo kile kilikuwa mali ya muuzaji hata senti ya mwisho ilipolipwa, na ndani yake mlikuwa na kifaa cha kukizima kutoka mbali. Aliyekosa kulipa alilala gizani, ingawa bamba lilikuwa juu ya paa lake na jua lilikuwa limeliwakia kutwa nzima. Fikiri pia juu ya mpangaji wa chumba katika mji wa Migori au Homa Bay. Bamba ni lake, lakini paa ni la mwenye nyumba. Ni kanuni ya kale, tuliyoirithi katika sheria za Kiingereza, kwamba kilichopachikwa imara katika ardhi au jengo huhesabiwa kuwa sehemu yake. Mpangaji asiyeandikiana na mwenye nyumba aweza kuhama akaacha nyuma kile alichokilipia kwa jasho.

Na Serikali je? Uhuru wa madukani ulileta pia vibamba hafifu na mafundi wasiojua kazi. Kwa hiyo kanuni za mwaka 2012 ziliagiza kwamba fundi wa sola awe na leseni, nazo zikaweka madaraja ya T1, T2 na T3 kwa kadiri ya ukubwa wa kazi. Katiba ya mwaka 2010 ilizipa kaunti mamlaka ya kupanga maendeleo ya mahali pao, pamoja na usambazaji wa umeme na usimamizi wa nishati. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 ilisema kwamba mtu atengenezaye umeme kwa matumizi yake mwenyewe, usiozidi megawati 1, hahitaji leseni ya kuutengeneza. Sheria hiyo ilifungua pia mlango wa mwenye sola kuupeleka umeme wa ziada katika nyaya za taifa na kuhesabiwa, na kanuni za jambo hilo zikatolewa mwaka 2024. Lakini ajengaye jengo jipya bado hutakiwa kuomba ruhusa ya kaunti, kwa sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019.

Wako wasemao kwamba vibali vyote ni kero na vifutwe. Wako na wasemao kwamba pasipo kibali hapana usalama. Historia haimpi ushindi mmoja wao. Huko California, katika Marekani, ilibidi itungwe sheria mwaka 1978 kuwazuia majirani na mashirika ya wenye nyumba wasiwakataze wenzao kuweka sola bila sababu ya haki. Yaani huko ruhusa zilizidi kiasi. Kwetu zilipungua, na maskini akauziwa kibamba kibovu pasipo wa kumshitaki. Kibali chema ni kile kimlindacho mnyonge kwa gharama anayoiweza. Kibaya ni kile kimgharimucho safari tatu za mjini na kisimlinde kwa lolote.

Nawe, kijana, usiiache habari hii kitabuni. Yamkini wewe ndiwe msomi wa kwanza katika boma lenu. Uliza kwa adabu hati ya shamba i kwa jina la nani, na kama ni la marehemu, washauri wazee waanze kuibadilisha, na jina la mama yako lisisahauliwe. Fundi akija kupanda juu ya paa, mwombe kwa heshima akuonyeshe leseni yake. Mkataba wa malipo ukiletwa, usome mpaka mstari wa mwisho kabla baba au mama hajaweka sahihi. Risiti zitunzwe mahali pamoja. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na sasa nuru nayo imekuwa mali.